Ndoana Ndani ya Damu ya Aoko

Mwaka wa tisini na saba gugumaji lilifunga ziwa kuanzia Dunga mpaka pale jicho linapochoka. Kuku mmoja wa ufukweni aliondoka asubuhi akitembea juu ya yale majani, akapotea miezi miwili, akarudi na vifaranga kumi na wawili wanaolia kwa Kiganda. Anayebisha na abishe, waliowaona wako hai. Mashua zilikwama kama mwiko kwenye ugali wa jana. Wavuvi walikaa mchangani wakicheza bao na kutukana majani, na majani hayakujali.

Nasipwondi alikuwa mkaanga samaki pale pale ufukweni. Ngege walipoadimika alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu, na mate yaliwatoka watu vilevile. Mkono wake ulijua mafuta kuliko mafuta yalivyojijua. Angeweza kutumbukiza kidole ndani ya karai linalochemka, akageuza samaki, akakitoa kidole kingali kibichi. Lakini mwanamke huyo wa kuchezea moto alikuwa amefungwa kuliko mashua zote za Dunga, na kilichomfunga kilikuwa maharagwe.

Alitoka kwao Bungoma mwaka wa themanini na sita, akaja Nyalenda kwa dada yake kutafuta kibarua. Gordon alimkuta kwenye foleni ya maji. Wanasema kijana alibeba madebe yake mawili kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukichana nywele, na maji hayakumwagika hata tone. Msichana gani angekataa? Baada ya mwaka mmoja walihamia bomani kwa mama yake Gordon, nyuma ya Dunga. Mama huyo aliitwa Amolo, ingawa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alimwita Dani, yaani nyanya.

Dani alimtazama mkwewe kutoka kisigino hadi utosi.

"Jina lako nani?"

"Nasipwondi, Mama. Nilizaliwa wakati wa kuvuna viazi vitamu."

"Yawa! Gordon, nilikutuma mke, umeleta gunia." Kisha akacheka, akamkumbatia, na tangu siku hiyo akamwita nyar Bukusu, binti wa Wabukusu. Hakuwa mama mbaya. Hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Mkwe mbaya unamkimbia. Mkwe mwema anakushika mkono, unabaki.

Sasa, kwa Wajaluo mbegu haimtangulii mama. Mwenye boma hupanda kwanza, ndipo wake za wanawe wafuate. Mvua za mwaka wa themanini na tisa zilimkuta Dani amekwenda matangani Seme, na Nasipwondi, mja mzito na mwenye njaa isiyosubiri matanga, akachimba mistari miwili nyuma ya jiko akatia maharagwe. Dani aliporudi, yale maharagwe yalikuwa yameshatoa majani mawili mawili, yanampungia mkono. Mama mkwe aliyang'oa tu, moja moja, akayaweka kwenye kanga akaenda kuyatupa.

Mtoto akazaliwa, akaitwa Aoko. Alipofika miezi minane, viganja na nyayo zake vilivimba kama maandazi. Alipofika miaka miwili, macho yalikuwa ya manjano. Alipofika mitano, maumivu yalikuwa yakimpanda mifupani ghafla, mgongoni, mapajani, akalia mpaka sauti ikakauka akabaki anafungua mdomo tu. Zahanatini walimpa dawa ya malaria na vidonge vya maumivu. Maumivu yaliondoka, yakarudi na ndugu zake.

Hapo ndipo maharagwe yalipokumbukwa.

"Hii ni chira," alisema Mzee Walter, mganga aliyevaa koti la mvua hata kiangazi ili mvua isije ikamkuta hajajiandaa. "Mwiko umevunjwa katika boma hili. Mbegu ilimtangulia mama. Sasa inadai."

Nasipwondi aliangalia chini. Maharagwe aliyapanda kwa mkono wake, akayamwagilia, na hata alikuwa ameyasifu.

Dawa ya Walter ilikuwa hivi. Mtoto apelekwe ziwani alfajiri saba mfululizo, upepo ukiwa bado mkali, azamishwe hadi shingoni mara saba, na asinywe kitu chochote mpaka jua liwe utosini. Dani ndiye aliyekuwa akimpeleka, maana mwenye mbegu ndiye mwenye kusamehe. Alfajiri ya kwanza Aoko alirudi akitetemeka. Ya pili alirudi amebebwa. Ya tatu maumivu yalimshika vibaya kuliko siku zote, akapiga kelele hata wacheza bao wakasahau zamu ni ya nani.

"Vizuri," akasema Walter. "Dawa imemkuta adui. Wanapigana."

Nasipwondi aliona jambo moja tu: kila wakipigana, uwanja ulikuwa ni mwili wa mtoto wake. Lakini akikataa, atakuwa mama aliyeleta chira kisha akazuia dawa. Akitoroka kwenda Bungoma, mtoto ni wa boma la baba yake, watamfuata kabla hajanywa chai ya kwanza. Akinyamaza, alfajiri inakuja. Basi alinyamaza. Mwaka wa kwanza walimzamisha, wa pili wakamzamisha, na safari ya mwisho Aoko alilazwa hospitali akaongezwa damu, akatoka mwepesi kama gunzi.

Mwaka huo wa magugu, watu wa utafiti wa malaria kutoka Kisian walipita boma kwa boma wakidunga vidole. Aliyekuja bomani kwa Dani alikuwa kijana mpole aitwaye Wakoli, Mbukusu naye, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea nyavu. Alimdunga Gordon, akamdunga Nasipwondi, akamdunga Aoko. Dani alinyoosha kidole mwenyewe.

"Dunga, mwanangu, dunga! Ila ukikuta damu ya ujana humo ndani, nirudishie. Nina kazi nayo."

Wiki tatu baadaye Wakoli alituma neno: mama Aoko aje Kisian, aje na mtoto. Nasipwondi alimwambia Dani anakwenda kuchukua dawa ya malaria. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza katika jambo hili, na kama uongo wote wa kwanza, ulikuwa mdogo na safi.

Wakoli alimkaribisha chumba chenye harufu ya spiriti, akamwonyesha mahali pa kuweka jicho. "Angalia humu, Mayi," alisema, akimwita mama kwa Kibukusu. "Hii ni damu yangu mimi."

Nasipwondi akaona viduara vingi, vyekundu, vya mviringo, vimelala kimya kama chapati kwenye sinia la arusi.

"Sasa angalia hii. Ya Aoko."

Viduara vilikuwepo, ndiyo. Lakini kati yao kulikuwa na vitu virefu, vilivyopinda, vyenye ncha. Aliinua kichwa.

"Nani ametia ndoana ndani ya mtoto wangu?"

"Sisi tunasema mundu. Selimundu. Lakini ndoana ni sawa, hata ni afadhali." Wakoli akavuta kiti. "Wewe ni mtu wa samaki. Ukitia mayai kwenye beseni ukatikisa, yanafanyaje?"

"Yanavunjika."

"Usitikise sana! Yanapitana. Na ndoana je?"

"Zinashikana. Zikishikana jioni utakula kesho."

"Ndivyo ilivyo kwenye mishipa yake. Zinashikana, njia inaziba, damu haipiti. Mahali ambapo haipiti ndipo panapolia. Na zile zilizopinda hazidumu, zinavunjika mapema. Ndiyo sababu damu yake inapungua na macho yanakuwa ya manjano."

Nasipwondi alimtazama Aoko, aliyekuwa akihesabu vigae vya sakafu. "Na kilichozipinda?"

Wakoli alivua miwani, akafuta, akavaa tena. Alimweleza polepole, kama mtu anayetoa mfupa kooni mwa mwenzake. Ndani ya kila kiduara cha damu kuna protini inayobeba hewa kutoka mapafuni. Protini hiyo ni nyuzi za shanga zilizokunjwa pamoja, na uzi mmoja una shanga zaidi ya mia, kila moja kwa aina yake na mahali pake. Mwili haubahatishi. Una maelezo ya kupanga shanga hizo, na maelezo hayo huitwa jeni. Zamani sana, kabla ya nyanya wa nyanya, mtu mmoja alizaliwa na maelezo yaliyobadilika herufi moja. Moja tu. Basi shanga ya sita ikawa ya aina nyingine. Ile ya asili hupenda maji, hutulia peke yake. Hii ngeni huyachukia maji, kwa hiyo protini ikishatua hewa yake, humng'ang'ania mwenzake, naye humshika mwingine, zinajipanga kama fimbo, na fimbo zinakisukuma kiduara mpaka kinapinda.

"Herufi moja?" aliuliza Nasipwondi. "Mimi sijui hata moja, na mtoto wangu anauawa na moja?"

"Ndiyo, Mayi."

"Na herufi hiyo ilikosewa kwa sababu ya maharagwe?"

Wakoli hakucheka. Alikulia kijijini, alijua swali hilo lilikotoka. "Hapana. Hata ungepanda msitu. Kila mtu ana nakala mbili za maelezo, ya mama na ya baba. Mwenye nakala moja iliyokosewa na moja nzuri haumwi ndoana. Tena malaria kali humwogopa kidogo, ndiyo maana huku ziwani watu hao ni wengi, waliponea utotoni. Lakini wawili wa namna hiyo wakikutana, mtoto anaweza kupata mbovu zote mbili. Aoko amepata mbili."

"Kwa hiyo moja ni yangu."

"Moja yako."

"Na moja ya baba yake."

"Hakuna mahali pengine pa kuitoa."

Miaka yote hiyo Nasipwondi alikuwa amebeba mzigo peke yake, kumbe nusu ilikuwa ya Gordon, na Gordon naye alipewa na aliyempa.

"Inatibika?"

"Kuiondoa, hapana. Kuipunguza makali, ndiyo. Dawa za kukinga malaria, vidonge vya kusaidia damu. Maji ya kunywa, mengi, siku nzima. Asichoke kupita kiasi. Na baridi, Mayi. Baridi na kiu ndivyo vinavyozipinda ndoana upesi. Asiogeshwe maji baridi kabisa." Wakoli akaona uso wa yule mama umebadilika. "Kuna mtu anamwogesha maji baridi?"

Nasipwondi alisimama, akamshika Aoko mkono. "Tutakunywa maji," alisema.

Alipofika nyumbani alimkuta Walter anatoka. Alfajiri saba nyingine zilikuwa zimepangwa. Zingeanza Jumamosi. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Alimwambia Gordon yote, nyuma ya nyumba, huku akiparua magamba ili waonekane wanazungumza habari za samaki. Mundu, shanga, herufi, baridi. Gordon, mbeba madebe kwa mkono mmoja, alikaa chini kama aliyewekewa kumi kichwani.

"Unataka nikamwambie mama yangu damu yake ni mbovu?"

"Sijasema ya mama yako. Labda ni ya marehemu baba."

"Afadhali basi! Nikamtukane maiti." Alishika kichwa. "Nasipwondi, mimi nilizikiwa ndugu watatu kabla sijaota meno. Unajua? Mama hasemi majina yao. Nikifungua mdomo, nitakuwa nasema nini?"

"Utakuwa unasema mtoto asiingie majini."

"Sema wewe."

"Mimi ni mtu wa maharagwe. Nikisema, nakwepa kosa."

Kesho yake Gordon alipata kibarua cha ghafla mjini, cha kutoa magugu gatini, kibarua kirefu mno kwa mwanamume asiyependa majani. Alisema atarudi Jumatatu.

Jumamosi, kabla ya jua, Dani aligonga mlango. Alimfunga Aoko kanga, akamshika mkono, wakashuka ziwani. Nasipwondi alifuata nyuma, maneno ya Kisian yamejaa mdomoni kama maji ya moto. Alikuwa ameamua. Atayatema yote: kwamba chira hakuna, kwamba ni herufi, kwamba moja imetoka katika boma hili, na kwamba ni haya maji ya alfajiri yanayompinda mtoto. Alingoja mpaka Dani alipomwachia Aoko atangulie hatua chache.

"Mama, nina neno."

"Mimi nalo," alisema Dani bila kugeuka. "Ngoja langu, ni la zamani. Unafikiri mimi napenda kazi hii? Nilikuwa na watoto kabla ya Gordon. Watatu. Walilia mifupa hivi hivi. Mganga wa wakati ule alisema maji, nikawaleta hapa hapa, mmoja baada ya mwingine. Mpaka leo nikilala nasikia meno yao yanagongana. Mdogo alikuwa akinishika shingo, anasema, Mama, leo inatosha." Aliendelea kutembea. "Huwa najiambia nilijaribu. Mwanamke akishajiambia hivyo anaweza kuamka akapika. Haya, lako ni lipi?"

Neno la Nasipwondi likageuka mawe mdomoni. Alijua sasa nani alimpa Gordon nusu yake, au angalau nani alikuwa mmoja wa wawili. Na alijua kwamba akimwambia huyu bibi yale maji yalifanya nini, atamwokoa mtoto mmoja na kumrudishia wale watatu, maiti, mikononi, papo hapo njiani.

Akalimeza. Lilishuka likimkwaruza.

Walifika. Wavuvi walikuwa wamekata njia ndani ya gugumaji, upana wa mashua, na maji ya pale yalikuwa meusi. Dani alianza kumvua Aoko kanga. Mtoto hakulia. Alikuwa ameanza kutetemeka hata kabla ya maji, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio.

"Mama, ngoja," alisema Nasipwondi. "Maharagwe alipanda nani?"

"Wewe."

"Aoko alikuwa wapi?"

"Tumboni."

"Jembe alishika nani? Kama mwizi ameiba kuku, kwa nini mnamchapa aliyekuwa amelala? Ndiyo maana dawa haishiki, miaka yote! Tunaosha mkono wa mtu mwingine." Akavua leso, akavua viatu. "Nioshe mimi. Na yeye akae mchangani, anywe, ashibe, ili chira ione hapo hapana kosa. Nililifanya kwa kusudi, Mama. Nilijua mwiko, nikapanda."

Hakuwa ameujua. Lakini uongo ulikuwa umeshakua, una miguu yake.

Dani alimgeukia. "Kwa kusudi?"

"Kwa kusudi."

Yule bibi alimrudishia Aoko kanga yake, akaifunga mafundo mawili. Kisha akamshika mkwewe shingoni, bila upole wowote, akamtumbukiza.

Maji yale! Yalikuwa baridi hata samaki walikuwa wakipiga chafya. Mara ya kwanza Nasipwondi aliwaona mababu zake. Mara ya tatu walimsalimia. Mara ya saba walimkaribisha chakula. Wavuvi walikusanyika.

"Yawa, mmekosa ngege sasa mnavua Wabukusu?" mmoja aliuliza.

"Huyu ni mzito, ongezeni kamba!"

Mchangani Aoko alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anakunywa uji wa moto kwa kikombe cha bati, anamwangalia mama yake kama mtu aliye sinema.

Ilikwenda hivyo alfajiri saba. Nasipwondi alipata mafua yaliyomtoa machozi mpaka magugu ya karibu yakastawi. Aoko hakulia mfupa mwezi huo, wala uliofuata. Alikunywa maji kutwa, akameza vidonge vya Wakoli vilivyofichwa ndani ya andazi, akapata shavu. Dunga nzima ikasema: mnaona? Alikuwa ni yule mama. Mzee Walter alipoulizwa, alikohoa, akafunga vifungo vya koti lake la mvua, akasema, "Ndivyo nilivyoagiza."

Sifa zikasambaa mpaka Nyalenda. Akina mama wakaanza kuja na watoto wenye macho ya manjano. Nasipwondi alikuwa akiwadaka njiani, nyuma ya karai lake la mafuta, anawapa kipande cha mgongo wazi na kunong'ona: "Dada, mganga amebadilisha. Anayeingia ni mama. Mtoto anakunywa uji. Tena lazima mtoto apelekwe kwanza Kisian kwa mtu wa miwani ya uzi, la sivyo haishiki." Kuna alfajiri walihesabiwa akina mama kumi na wanane ndani ya njia ile moja, meno yakigongana kwa pamoja, hata watu wa Kanisa walidhani ni ngoma, wakaja na vigelegele.

Lakini ndoana hazisikii uongo, hata mtamu. Mwezi wa sita, homa ikamshika Aoko, na baada ya homa mifupa. Haikuwa kama zamani, siku mbili tu, ila ilikuwa. Dani alikuja akakaa mlangoni kwa mkwewe, fimbo juu ya magoti.

"Nyar Bukusu. Kuna kitu bado hujasema."

Gordon, aliyekuwa akitengeneza kiti, aliinamisha kichwa akapiga msumari uliokwisha kuingia. Nasipwondi alimtazama mumewe, akamtazama yule bibi ambaye hakuwa mbaya, akamsikiliza mtoto akigugumia ndani ya blanketi.

"Kweli, Mama," alisema. "Siku ile uliyokwenda Seme, nilikalia kitanda chako."

"Yawa!"

"Nikalala kidogo."

Alfajiri akaingia majini. Mvua za vuli Aoko akaumwa tena, na Nasipwondi akakiri kwamba alionja mboga kwa mwiko wa mama mkwe. Krismasi akakiri kupiga mluzi bomani. Jirani yake Agneta, aliyeshika nguo zake ufukweni, alimwuliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe uliolewa au ulikuja kuvunja? Makosa hayaishi?"

"Yanaishaje, na mtoto ndiyo kwanza ana miaka minane?"

Akaingia hadi shingoni. Mkono wa Dani ukamshika, baridi ikampanda kifuani, na kabla kichwa hakijazama alikuwa ameshaanza kutafuta kosa lingine la mwakani, dogo kidogo, ambalo mtu angeweza kuishi nalo.